Shafti Iliyopakwa Rangi

Jumamosi, Novemba. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya vilima vya Iveti kama wageni ambao hawajasema walichokujia. Mvua haijanyesha. Mikono yangu inanuka grisi na utomvu wa mkonge. Nimeinawa mara tatu na bado.

Nimechoka, ila si uchovu mbaya. Nataka kuyaandika yote leo, kabla kumbukumbu haijaanza kunipendelea.

Nianze na ungamo. Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa hata kama nimeyachemsha mwenyewe. Mlango nikishaufunga, narudi kuusukuma. Mtu akiniambia "sawa" haraka haraka, moyo wangu unauliza, sawa gani hiyo?

Na fundi Nzioka ni mtu wa kusema "sawa" haraka.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: jina langu ni Mumbua. Kwa miaka tisa nilichora vipuri vya mashine katika kiwanda kimoja huko Athi River. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, kuchora, kuandika vipimo, kisha kutuma. Chini kulikuwa na mashine kubwa zinazoongozwa na kompyuta. Nilichochora kilirudi kikiwa kwenye boksi, kimefungwa kwa karatasi. Waliokikata sikuwaona sana. Mapema mwaka huu idara yetu ilifungwa, nami nikarudi Machakos na laptop yangu na kiburi changu.

Mama yangu, Mwaitu tunavyomwita nyumbani, anaishi Mitaboni. Yeye na wanawake wengine kumi wanasuka viondo. Kabla ya kusuka, lazima wapate nyuzi, na nyuzi za mkonge hutolewa kwa kisu na ubao: unalaza jani, unakwangua nyama yake ya kijani mpaka nyuzi zibaki. Utomvu wake unawasha. Nimekua nikimwona Mwaitu akijikuna viganja wakati wa chakula, akivificha chini ya meza kama mtu anayehesabu dhambi zake.

Basi nikasema nitawatengenezea mashine.

Si kitu cha ajabu. Jani linaingizwa kwenye mdomo. Ndani kuna silinda yenye visu butu, inazungushwa kwa kasi na injini ndogo ya petroli, inakwangua jani. Katikati ya silinda, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, unapita mtaimbo wa chuma, shafti. Shafti ndiyo uti wa mgongo. Ikikatika wakati inazunguka, silinda inaruka kutoka mahali pake, na anayesimama mbele yake ni yule mwanamke anayelisha majani.

Yule mwanamke ni Mwaitu.

Nilichora kama nilivyozoea. Shafti ya urefu wa mita moja na sentimita thelathini, ili wanawake wawili waweze kulisha majani bega kwa bega. Unene milimita arobaini. Nikaenda Nairobi nikanunua chuma kizuri, na kabla ya kukikabidhi kwa mtu yeyote nikakigonga herufi M kwenye kichwa chake kimoja kwa nyundo, ili nijue kama kimebadilishwa. Mchoro nikautuma kwa simu. Nzioka ana karakana ya mabati nyuma ya soko, na ndani yake kuna leth, mashine ya kukereza chuma, yenye umri mkubwa kunizidi. Watu wote niliowauliza walinielekeza kwake.

Alinijibu neno moja. "Sawa."

Niseme ukweli wote: mchoro niliomtumia ulikuwa wa shafti peke yake. Sikumwonyesha silinda, sikumwonyesha mashine, wala sikumwambia ni ya kazi gani. Nilifanya hivyo makusudi. Niliogopa ataiba wazo langu, na kabla ya Krismasi nitaikuta mashine yangu ikiuzwa Matuu na mtu nisiyemjua.

Na karakana yake sikuingia. Nilipopeleka chuma nilisimama mlangoni. Sakafu ilikuwa imejaa vinyweleo vya chuma na mafuta, nami nilikuwa na viatu vizuri.

Kisha zikaanza siku za kuzungushwa. Njoo Jumanne. Njoo Ijumaa. Njoo Jumanne tena. Kila nikimpigia simu nilisikia grainda ya kusagia chuma nyuma yake, sikuisikia leth. Nazijua sauti hizo. Leth inanguruma taratibu kama mtu anayesali peke yake. Grainda inapiga mayowe. Sasa shafti ya kukerezwa inahitaji grainda ya nini?

Siku moja nikapita bila kumwambia. Mlango ulikuwa umefungwa, na chini yake niliona mwanga wa buluu ukiruka. Alikuwa anachomelea. Nikabisha. Mwanga ukazimika. Ilipita dakika nzima kabla hajafungua, na alipofungua alisimama katikati ya mlango akijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Mwiitu, rudi Alhamisi," akasema.

Mwiitu ni msichana kwa Kikamba. Ndivyo mzee anavyomwita binti wa watu. Nina miaka thelathini na mitano. Sijui kama ananiita hivyo kwa upendo au kwa kunipunguza.

Alhamisi shafti ilikuwa tayari. Imepakwa rangi.

Rangi ya kijivu, ile ya mageti. Sikuiomba. Hakuna mtu anayepaka shafti rangi. Ncha mbili zinazokaa kwenye beringi alikuwa ameziacha wazi, safi, zinang'aa, na kazi yake hapo ilikuwa nzuri kweli, nitakuwa mnyimivu nisiposema. Lakini katikati kote, rangi. Huyu ni mtu anayeandika majina ya wateja nyuma ya kalenda za miaka iliyopita ili asipoteze karatasi. Ukarimu wa rangi aliutoa wapi?

Nikamuuliza ni ya nini.

"Isishike kutu."

"Sawa," nikajibu. Hata mimi.

Nikaenda nayo nyumbani. Kwanza nikatafuta herufi yangu. Ilikuwepo, M yangu, palepale kichwani. Basi chuma kilikuwa kile kile na mtu mwenye akili timamu angelala. Mimi sikuridhika. Ijumaa asubuhi nikaivalisha shafti beringi zake mbili, nikaiweka juu ya matofali kwenye veranda, nikafunga kalamu kwenye kopo karibu na katikati yake, ncha ikikaribia kugusa chuma. Kisha nikaizungusha kwa mkono, polepole. Shafti iliyonyooka ingeacha pengo lile lile mzunguko mzima. Kwa hii, pengo lilipanuka, likafunga, likapanuka. Kalamu ikakwaruza rangi upande mmoja tu.

Nikaleta kisu cha jikoni.

Chini ya rangi, katikati kabisa, kulikuwa na pete. Chuma cha rangi tofauti kidogo, kimelainishwa, chenye vishimo vidogo kama vimechomwa kwa sindano. Nikachukua tupa. Pembeni tupa ilikula vizuri. Juu ya pete iliteleza na kulia.

Ilikuwa vipande viwili. Alikikata chuma changu, akakiunga kwa kuchomelea, akakisaga, akakipaka rangi.

Nitawaambia jambo la aibu. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilikuwa nimejua! Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Ilipita dakika nzima, pengine mbili, kabla sijaona picha ya Mwaitu amesimama mbele ya ile silinda, jani mkononi, na ile pete ikipasuka. Nikaketi kwenye sakafu ya veranda.

Nilimpigia Mwaitu simu kumwambia kuwa wanawake wasikusanyike, kwamba fundi ameharibu kazi. Akauliza fundi gani. Nikamtajia.

"Nzioka? Yule alitengeneza pampu ya shule?" akasema. "Huyo si mwizi, Mumbua. Enda umuulize vizuri."

Nikajiuliza kama ni jamaa yake. Ndiyo, nilimshuku hata mama yangu.

Jumatatu ya wiki jana nikaifunga shafti kwa leso, nikapanda boda boda nayo, nikaenda. Safari hii niliingia ndani. Nilikuwa nimevaa viatu vya shamba na hasira ya kutosha watu watatu. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka akane, ili nimshinde tena.

Nikailaza juu ya meza yake. "Hii ni nini?"

Hakukana. Aliipitishia kidole gumba ile pete, akakiangalia kidole chake.

"Ni weld."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haingeingia."

Nikamwambia hilo si jibu. Akaizima redio yake, akaichukua shafti kwa mikono miwili, akaniita kwa kichwa. Upande wa kushoto wa leth, nyuma ya ile sehemu inayoshika chuma, kuna tundu. Chuma kirefu hupitishwa humo, mkia wake unatokea nyuma, kipande tu kinachokerezwa ndicho kinabaki mbele. Akakiweka kichwa cha shafti kwenye tundu lile, upande ambao mchoro wangu haukutaka upunguzwe. Kikagonga. Akasukuma. Kikagonga.

"Hii tundu ni inchi moja na nusu. Milimita thelathini na nane," akasema. "Hii chuma yako ni arobaini. Haiwezi pita. Milimita mbili tu imekataa."

Kisha akanionyesha kitanda cha mashine, tangu ncha ya huku hadi ncha ya kule. "Na nikishika katikati ya hizi mbili, niko na mita moja, basi. Wewe umechora mita moja na thelathini. Hiyo thelathini niweke wapi, mwiitu? Nje kwa barabara?"

Nikasema la kwanza lililokuja. "Si ungeniambia!"

Akatoa simu. Kioo chake kimepasuka kama ramani ya mito. Akaufungua mchoro wangu, akauvuta kwa vidole viwili mpaka pembe ya chini ikajaa kioo chote. Hapo kulikuwa na maandishi ambayo nimeyaweka kwenye kila mchoro kwa miaka tisa, bila hata kuyasoma tena: *Badiliko lolote bila idhini halitakubaliwa.*

"Mimi nilisoma hiyo," akasema. "Nikaona huyu hataki maneno. Anataka chuma. Na nikisema mashine yangu haitoshi, utapeleka Nairobi. Kila mtu anapeleka Nairobi."

"Na rangi?"

Nje kuna mtu alikuwa akigonga bati.

"Rangi ilikuwa ya aibu," akasema.

Nikamuuliza kama alijua kuwa kitu hiki kitazunguka kwa kasi mbele ya watu. Kama alijua ni mama yangu atakayesimama pale. Uso wake ukabadilika, na ninaandika hili kwa uangalifu kwa sababu mimi ndiye mtu wa mwisho kuamini nyuso. Aliketi juu ya ndoo.

"Nilifikiria ni ya geti ya kusukuma," akasema. "Ama ya kukunja turubai kwa lori. Kitu ya polepole. Hiyo weld kwa kitu ya polepole itakaa mpaka uzeeke. Kwa kitu ya mbio..." Akatikisa kichwa. "Ulinipa mfupa, na hukuniambia ni wa mnyama gani."

Nimeibeba sentensi hiyo siku kumi na mbili sasa.

Maana ni kweli. Nilimficha mnyama kwa sababu nilimshuku, na kwa kumficha ndipo nilipotengeneza hatari yenyewe. Kama angeona silinda na visu angejua. Yeye naye aliificha mashine yake kwa sababu alinishuku mimi: kwamba nitamdharau na kuondoka na kazi yangu. Watu wawili waliofunga milango, na katikati yao chuma kimoja kilichovunjwa.

Lakini sikumwachia hapo. Sijaokoka kiasi hicho. Nikamuuliza lile swali lililokuwa likiniwasha. Kama nisingekwangua ile rangi, angeniambia?

Nilijua angesema ndiyo, na nilikuwa tayari kutoamini.

"Sijui," akasema.

Angesema ndiyo, ningeondoka. Kwa sababu alisema hajui, nilivuta ndoo ya pili nikaketi.

Nikatoa daftari. Nikamwambia tuanze upya, safari hii yeye aanze. Mashine yako inaweza nini? Alidhani ni dhihaka. Nikamwonyesha ukurasa mtupu. Polepole akaanza. Urefu, mita moja, lakini kwa raha ni sentimita tisini. Unene, chochote kinachopita kwenye tundu lile. Mashine ya kuchonga mifereji na visanduku, yaani mashimo ya pembe nne ndani ya chuma, hana. Aliye nayo wa karibu zaidi bado yuko mbali, na ana maringo. Drili anayo, hadi inchi moja. Kuchomelea, kukunja, kukata, hayo yote sawa. Kisha, baada ya chai, akiwa anaangalia mlango, akaongeza kuwa skrubu ndefu ya leth yake imelika upande wa kushoto, kwa hiyo ukitaka nyuzi za bolti zikatwe karibu na hapo zitakuja vibaya. Nadhani hajawahi kumwambia mteja yeyote hilo. Nililiandika kwa herufi zile zile ndogo kama mengine, bila kuinua uso.

Ukurasa ukajaa. Niliuangalia nikaona kuwa mchoro wangu wa kwanza haungeweza kutengenezwa Machakos hata kwa maombi. Visu nilivichora vikae ndani ya mifereji yenye pembe kali, iliyochongwa. Nani angeichonga? Vipimo niliandika mpaka sehemu ya mia ya milimita, kwa mashine ya kukwangua majani! Nilichora kwa ajili ya kiwanda ambacho hakipo tena maishani mwangu.

Nikakaa nyumbani siku mbili, nikafuta. Kufuta kuliuma kuliko kuchora. Urefu wa shafti ukawa sentimita tisini, unene milimita thelathini na tano, kwa sababu inapita kwenye tundu na kwa sababu beringi za thelathini na tano zipo kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Ziharibikapo, Mwaitu hatahitaji kunipigia simu, atatuma mtu. Badala ya wanawake wawili bega kwa bega, mmoja. Badala ya mifereji, visu vya chuma cha pembe, vimefungwa kwa bolti kwenye bomba nene. Bolti zote nikazifanya za saizi moja, spana moja ya kumi na tatu inafungua mashine yote. Ile sentensi ya pembeni nikaifuta. Mahali pake nikaandika nambari yangu ya simu na maneno, *Ukiona shida, piga kabla ya kukata.*

Na nikachora mashine nzima. Mdomo, silinda, injini, na mtu amesimama mbele. Nikampelekea mkononi.

Akaweka kidole juu ya yule mtu. "Huyu amesimama karibu sana," akasema. "Weka mdomo uwe mrefu kidogo. Mkono usifike kwa visu hata akitaka."

Mimi sikuwa nimeliona hilo. Miaka tisa, na sikuliona.

Msidhani basi nilimwamini. Nilinunua chuma kingine, nikakigonga herufi, nikaketi kwenye ndoo siku mbili nikimwangalia akikereza. Kila alipozima mashine nilisogea. Alijua. Hakulalamika. Kila alipopima alininyooshea mikromita kabla sijaiomba, akisema, "Soma wewe," nami nikasoma, kisha naye akasoma baada yangu. Ilinichukua hadi siku ya pili kugundua kuwa na yeye alikuwa ananihakiki mimi.

Rangi hakupaka.

Leo asubuhi tukaenda Mitaboni kuijaribu. Nilikuwa nimepanga kwenda na dereva wa pikapu tu, lakini Nzioka akawa ameshasimama kando ya barabara amevaa koti safi. Nikajiambia, amekuja kuipima aiige. Alipanda nyuma na mashine, akaishikilia njia nzima.

Wanawake walikuwa wamekusanyika kwa Mwaitu, kumi na mmoja, na majani ya mkonge yamerundikwa mpaka kiunoni. Hawakuimba wala kupiga vigelegele. Walitazama ile mashine kama wanavyomtazama mgombea. Mmoja akauliza kama inakula vidole. Nikaanza kueleza kuhusu urefu wa mdomo, Mwaitu akanikatiza, akasema tuone kwanza.

Kabla sijagusa injini Nzioka akatoa spana yake mfukoni. Akazipitia bolti zote, moja moja, zile zile nilizozikaza mimi mwenyewe jana. Mbili zikazunguka kidogo. Akazirudia. Kisha akawaambia wanawake warudi nyuma, akamrudisha hata Mwaitu aliyekuwa ameshakaza kitambaa chake kichwani, akakunja mikono ya koti lake safi hadi kwenye viwiko.

"Injinia, washa," akaniambia.

Alichukua jani, akasimama mahali pale pale penye yule mtu wa mchoro wangu, akaingiza.

Kelele ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Maji ya kijani yakaruka yakamchafulia koti. Macho yangu hayakuwa kwenye jani, yalikuwa kwenye beringi, yakisubiri zitetemeke. Hazikutetemeka. Alivuta, na kilichotoka ni nyuzi, ndefu, nyeupe zenye ukijani, zikidondosha maji. Akaingiza la pili. La tatu. Kwenye la kumi alizima mwenyewe, akaweka kiganja juu ya shafti kuona kama imepata joto, kisha akaniashiria nami niweke changu. Ilikuwa vuguvugu tu.

Mwaitu alichukua nyuzi zile akazinusa. Akazivuta kwa nguvu. Akaketi, akavuta gauni juu ya goti, akazisokota pajani kwa kiganja, haraka, mpaka uzi ukatoka.

"Inakubali," akasema.

Hapo ndipo kelele za watu zilipoanza, pamoja na malalamiko. Kwa nini mdomo mmoja? Mbona inaacha kijani kwenye ncha? Nani atanunua petroli? Mwanamke yule wa vidole alitaka kujua kama inaweza kupunguzwa kelele kwa sababu ana mjukuu mchanga. Nikaandika yote. Ile ya ncha ni kweli, inchi ya mwisho haikwanguliwi vizuri, na sijui bado kwa nini. Nzioka ana wazo. Nitalisikiliza, na nitalipima.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini nilisema nitaandika yote, na kuna jambo moja sijawahi kuliandika.

Kule kiwandani kulikuwa na mwendesha mashine aitwaye Kilonzo. Mwaka wangu wa pili nilichora kipande chenye kisanduku ndani, pembe zake nne kali kama za sanduku la viatu. Kilirudi pembe zikiwa za mviringo. Nikamtumia ujumbe, akajibu haiwezekani. Sikushuka kumuuliza kwa nini. Nilifikiri ni mvivu, au anataka kunionyesha kuwa mimi ni mtoto. Nikamwandikia mkuu wake barua, yenye heshima na baridi, nikataja ile sentensi ya pembeni neno kwa neno. Kilonzo akaondolewa kwenye mashine akapelekwa stoo kuhesabu boksi. Nilimwona huko mara kadhaa. Alinisalimia kila mara.

Kisu cha mashine kinachozunguka ni cha mviringo. Hakiwezi kuacha pembe kali ndani ya chuma, hata kikiongozwa na kompyuta ya namna gani. Fundi yeyote angenieleza kwa dakika moja. Nilijua jambo hilo kwenye vitabu. Sikuwahi kuliunganisha na yeye mpaka wiki hii, nikiwa nimekaa kwenye ndoo, nikikumbuka chuma kilivyokataa kuingia kwenye tundu.

Nimekuwa nikishuku kila mtu isipokuwa mkono wangu mwenyewe ulioshika kalamu.

Nimeuliza, nimepata nambari yake. Wanasema yuko Syokimau kwa binti yake, amestaafu. Nimeiandika hapa kando kwenye karatasi. Nimeshaiangalia mara nne nikijiuliza kama ni yake kweli, kama hajabadilisha laini, kama atapokea nambari asiyoijua. Hizo zote ni hila za mtu anayeogopa, na mimi nazijua hila.

Kesho Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitampigia. Sina neno la kuanzia. Nitamwambia jina langu, kisha ninyamaze, nimwache yeye aseme.